Bunduki Halali na Fundi Aliye Mbali

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayetengeneza bunduki za watu awe na leseni ya kazi hiyo. Sina ugomvi na kifungu hicho. Ugomvi wangu ni na ramani. Mwenye bunduki halali katika kijiji cha Milola, mkoani Lindi, akiharibikiwa na silaha yake, hana pa kuipeleka isipokuwa Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 450 kutoka Lindi mjini, ukiacha zile za kutoka Milola hadi mjini. Nalisema hili kwa sababu safari hiyo nimeifanya, nikimsindikiza mjomba wangu.

Mjomba ni mkulima wa korosho, ufuta na mihogo. Ana bunduki moja ya marisau, yenye mitutu miwili, iliyosajiliwa kwa jina lake na kulipiwa ada bila kukosa. Mwaka juzi pini ndogo inayogonga fataki ya risasi, upande wa mtutu wa kulia, ilikatika. Kitako nacho kilikuwa na ufa shingoni, pale mkono unaposhika. Na lilikuwapo la tatu, ambalo ndilo lililomsumbua zaidi: mjomba aliwahi kuanguka kutoka kwenye mkorosho akaumia bega, na tangu hapo hawezi tena kuinua bunduki ya urefu ule ikakaa sawasawa. Alitaka kitako kifupishwe kwa upana wa vidole viwili.

Kazi zote tatu zingeweza kufanyika kijijini kwa siku moja. Yupo mhunzi anayechonga vipuri vya baiskeli na mashine za kusaga kwa kutumia tupa na moto wa mkaa. Wapo maseremala ambao mbao za mvule na mninga wanazijua kama wanavyowajua watoto wao. Huu ni ukanda wa Rondo, na jirani zetu Wamakonde wamepata sifa dunia nzima kwa kuchonga mpingo. Lakini mhunzi yule akiigusa ile pini, ametenda kosa la jinai. Tulimuuliza afisa mmoja wa polisi kama seremala anaweza walau kukata kitako, maana kitako ni mti tu. Alitujibu kwa upole kwamba kitako ni sehemu ya silaha, na silaha hairekebishwi na asiye na leseni. Nadhani alikuwa sahihi. Kwa hiyo mti uliokatwa Kusini ulipaswa kusafiri hadi Dar es Salaam ukapunguzwe vidole viwili.

Sasa utaipelekaje? Kwetu Kusini kila kitu husafiri kwa kifurushi cha basi: dagaa, simu mbovu, vyeti, dawa za kupulizia mikorosho, hata madaftari ya mitihani. Unaandika jina na namba ya simu, unalipa, jioni ndugu yako anapokea. Bunduki haiendi hivyo, wala haipaswi kwenda hivyo. Mimi nilikuwa narudi Dar es Salaam wiki ile ile, nikajitolea kuibeba. Nayo haikuwezekana, kwa sababu leseni ni ya mtu, haiazimwi. Nikikutwa njiani na bunduki ya mjomba, udaktari wangu wa falsafa hautanisaidia kitu.

“Basi twende wote, mjomba,” aliniambia. (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, na kwa Wamwera wa asili, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba akisema twende, hakuna mjadala.) Mtu wa miaka sabini na kitu, mwenye bega bovu, alifunga safari ya siku nzima ili aende kuongozana na chuma kisicholia.

Tulipata barua kutoka kituoni inayoeleza silaha ni ya nani, namba yake, inatoka wapi, inakwenda wapi na kwa nini. Basi la kwanza lilitukataa. Kondakta alisema hata tukiwa na barua ya Rais yeye hana pa kuiweka. La pili lilikubali baada ya dereva kuisoma barua mara mbili. Bunduki ilifunguliwa vipande viwili, ikafungwa ndani ya gunia, mjomba akaikalisha miguuni. Fundi aliipokea, akaandika namba yake katika daftari, akasema nafasi ya kuifanyia kazi ni baada ya siku tisa. Mjomba akakaa kwangu siku zote tisa. Mihogo aliyoiacha Milola ilikuwa imekomaa.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Fundi alitoza shilingi 85,000 kwa kazi zote. Nauli za kwenda na kurudi, barua, chakula cha njiani na usiku mmoja wa kulala Lindi mjini vilifika shilingi 190,000, bila kuhesabu siku za kazi zilizopotea. Na nguruwe pori waliingia shambani usiku wa nne, wakarudi usiku wa sita. Binti yake alitupigia simu asubuhi kutueleza walivyofukua. Mjomba alisikiliza, akauliza kama wamefika kwenye mstari wa mwembe, akakata simu, akaomba chai.

Nafahamu kwa nini dola ina hofu na bunduki katika barabara ile. Inapita Kibiti. Mwezi Aprili mwaka 2017 askari polisi wanane waliuawa huko kwa kuviziwa, silaha zao zikachukuliwa, na kwa miezi kadhaa viongozi wa vijiji wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliishi kwa hofu. Oktoba mwaka huo huo vita vikaanza Cabo Delgado, ng’ambo ya mto Ruvuma, na mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa. Anayetaka silaha zitapakae bila daftari Kusini hajui Kusini. Sibishi kuhusu daftari. Nauliza kwa nini daftari lisisogezwe karibu na watu.

Hata Marekani, nchi ambayo sitamani tuige wingi wake wa bunduki, suala hili limefikiriwa. Sheria yao ya mwaka 1968 inakataza kwa jumla mtu wa kawaida kupokea bunduki moja kwa moja kutoka jimbo jingine; lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Lakini imeweka mlango mmoja kwa ajili ya matengenezo: mwenye bunduki anaweza kuituma kwa fundi mwenye leseni aliye katika jimbo jingine, na fundi akamrudishia mwenyewe bunduki ile ile moja kwa moja. Waliotunga sheria ile walijua kwamba kununua bunduki na kutengeneza bunduki ni mambo mawili tofauti. La kwanza linaongeza silaha mikononi mwa watu. La pili haliongezi hata moja. Kwetu tumeyatazama yote mawili kwa jicho moja, na mzigo ukamwangukia yule tu aliyekubali kuandikishwa.

Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko sheria ya 2015. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890, ambao tunafundishwa kwamba ulihusu kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia pia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na kuruhusu zile za kizamani za kushindilia baruti mdomoni. Gobore la bibi na babu zetu halikuwa ushamba wao. Kwa sehemu kubwa ndilo lililoachwa wawe nalo. Kisha ikaja Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyoanzia milima ya Umatumbi, kaskazini mwa mkoa huu huu, na walioshindwa wakatakiwa kusalimisha silaha. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 makala kuhusu njaa na nguruwe pori huko Uzaramo katika kuzuka kwa vita hivyo. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba utawala wa Kijerumani ulibana uwindaji na kuwatoa wanaume majumbani kwa kazi za kulazimishwa, nguruwe wakawa mabwana wa mashamba, na waliobaki kulinda walikuwa wanawake. Mara ya kwanza nilipoisoma makala hiyo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye alilala katika dungu kila msimu wa mavuno hadi uzee wake, na debe la kupiga likiwa karibu na mto wa kulalia.

Dungu ndilo neno ninalotaka msomaji alishike, hasa yule aliye ofisini. Ni kibanda cha miti na nyasi shambani, ambamo familia hulala kulinda mazao. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer, pamoja na Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha katika jarida la Nature matokeo kuhusu mashambulizi ya simba nchini. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Wengi walikuwa wa Kusini, Lindi ikiwamo, na mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno. Walipochunguza sababu, walimkuta nguruwe pori. Nguruwe huja kula mazao. Mkulima huhamia dunguni ili kumfukuza. Simba, ambaye wanyama wengine wa kuwinda wamempungukia, humfuata nguruwe hadi shambani na kumkuta binadamu nyuma ya ukuta wa nyasi.

Kwa hiyo pini iliyokatika si suala la mtu na chombo anachokipenda. Anayeweza kumfyatulia nguruwe mmoja risasi hulala nyumbani wiki nzima, kwa kuwa kundi huhama. Asiyeweza huhamia dunguni pamoja na mkewe na wajukuu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua haki ya kulinda uhai na mali dhidi ya mnyama. Haki hiyo ina thamani gani ikiwa chombo chake halali kiko kwenye gunia, kinangoja nauli?

Wakati huohuo magobore yasiyo na karatasi yanalia usiku. Sitaji ni wapi, na kila aliyelala kijijini kwetu anayasikia. Mwenye gobore akiharibikiwa leo, kesho asubuhi limepona. Serikali imekwisha kutangaza zaidi ya mara moja msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na ni jambo jema. Ila mwenye gobore humtazama mjomba, aliyefuata kila utaratibu, akapoteza siku kumi na mazao ya nusu eka kwa ajili ya pini ndogo kuliko njiti ya kiberiti. Halafu huyo tumwambie aje ajiandikishe?

Ninalopendekeza halihitaji Bunge. Wenye silaha halali tayari hufika polisi kuhakikiwa silaha zao na kulipia leseni. Siku hizo zipangwe kwa wilaya, na fundi mwenye leseni aalikwe awepo, mbele ya afisa na daftari lake, na kisanduku chake cha pini na springi. Kazi ndogo zimalizike pale pale kituoni. Kazi kubwa zikusanywe, ziandikwe, na zisafirishwe kwa gari la polisi ambalo hata hivyo huenda Dar es Salaam, kisha mwenye mali aitwe kuchukua kilicho chake. Wazee wachangie gharama. Mjomba angetoa shilingi 100,000 bila kunung’unika na bado angebaki na akiba. Na kwa mafunzo ya miezi michache na uchunguzi wa mwenendo, sioni kwa nini mhunzi mmoja au wawili wa Lindi wasipewe leseni hiyo wenyewe.

Tena siku hiyo ya uhakiki iongezwe safu moja katika fomu, baada ya jina na namba ya bunduki: inafanya kazi, au haifanyi. Kwa sasa daftari linaonyesha Milola ina silaha halali za kulinda mashamba. Kama zinalia, halisemi.