Mifumo Miwili, Ghala Moja



Sisi ni mafrateri watatu wa falsafa, na tuna kompyuta mpakato moja. Mkono ulioandika makala hii ni wa mmoja wetu, mwenye miaka 25, lakini tumekubaliana kusema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu mtaiona.

Kompyuta yenyewe tulipewa na muumini mmoja baada ya kuitumia kwa miaka mingi. Ina RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, na ilikuja na Windows 10. Kwa kuwa kila mwenye flashi alipita kwetu, haikuchukua muda kabla haijajaa virusi. Mtu anafungua flashi yake, anakuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Tena tulijua kwamba Microsoft ingeacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu ni ya zamani mno kwa Windows 11. Kwa hiyo wakati wa likizo fupi tukaweka Linux pembeni yake. Tulichagua Xubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, kwa sababu haidai RAM nyingi.

Kwa nini hatukuiondoa Windows kabisa? Kwa sababu tasinifu zetu hukaguliwa kwa Word, na tulipozifungua kwa LibreOffice kurasa zilihama na tanbihi zikasogea. Basi tukaigawa diski sehemu tatu: moja ya Windows, moja ya Linux, na ya tatu, kubwa kuliko zote, tukaiita Ghala. Humo ndimo tulimoweka kila kitu cha pamoja: notsi, nyimbo za kwaya, kazi za semina. Ghala tuliiumba kwa mtindo wa NTFS, kwa kuwa Linux inaweza kuusoma na kuuandika, ilhali Windows peke yake haiwezi kusoma ext4, mtindo wa kawaida wa Linux. Tungeweza kutumia FAT32, lakini huo haupokei faili lililozidi GB 4.

Mwanzoni matatizo yalikuwa ya kuchekesha. Linux huweka saa ya mashine kwa majira ya dunia, nayo Windows huisoma saa ile ile kama majira ya hapa. Sisi tuko saa tatu mbele, na hatukuwa na mtandao wa kuirekebisha. Jioni moja Windows ilituonyesha ni saa 11, muda wa michezo, kumbe ni saa 2 usiku na kengele inagongwa. Siku nyingine mmoja wetu, akiwa ndani ya Linux, aliliita faili lake "Summa I, 76: roho na mwili". Windows ikagoma kulifungua kwa sababu ya zile nukta mbili tu, maana haikubali alama hiyo kwenye jina la faili. Tulicheka, tukasema Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba mwanadamu ana roho moja tu, na mashine yetu yenye roho mbili imemkasirikia.

Kisha likaja jambo lisilochekesha.

Kwa kazi ya historia ya Kanisa mahalia tulichagua kigango cha mmoja wetu. Katekista wa kwanza wa kigango hicho alikuwa bado hai, mzee sana, mwenye kumbukumbu safi. Wakati wa likizo tulimrekodi mara mbili. Hatukumaliza. Tulipokuwa tumerudi seminarini, mjukuu wake alitusaidia kumwuliza maswali yaliyobaki na kuyarekodi kwa simu yake. Wiki mbili baadaye mzee akafariki dunia. Siku chache baada ya mazishi mjukuu alipita mjini, akafika seminarini na memori kadi ya simu. Alikuwa na haraka ya basi.

Jioni ile kabla yake, mmoja wetu alikuwa anaandika ndani ya Windows. Kengele ilipogongwa hakuizima mashine, aliilaza, ili kesho aendelee alipoishia. Mashine ikilazwa hivyo, Windows huandika kumbukumbu yake yote kwenye diski, kisha umeme unakatika. Kwa nje huwezi kuitofautisha na iliyozimwa.

Siku ya pili mwingine wetu aliiwasha, akachagua Linux kwa kuogopa virusi vya kadi ile, akataka kuhamishia sauti ya mzee kwenye Ghala. Ghala likakataa kuandikwa. Lilisomeka tu, na maandishi kwenye kioo yakasema kwamba halikufungwa vizuri. Mjukuu anasubiri, basi linaondoka. Ndugu yetu alikumbuka amri moja aliyowahi kuisoma, inayofuta alama ile na kulilazimisha Ghala kufunguka. Akaiandika. Likafunguka. Akanakili faili, akasikiliza mwanzo wake, sauti ya mzee ikasikika vizuri. Mjukuu akaomba kadi isafishwe ili apate nafasi. Tukaisafisha.

Usiku yule wa kwanza akawasha Windows. Windows iliamka ikiwa na picha ya Ghala kama lilivyokuwa usiku uliopita. Haikujua kwamba mtu aliingia. Ikaendelea kuandika juu ya picha ile ya zamani. Asubuhi faili halikuwepo. Tulipoendesha ukaguzi wa diski tulipata folda la mabaki, vipande visivyo na majina, na hakuna hata kimoja kilichotoa sauti. Tulimpigia mjukuu simu. Kadi ilikuwa imeshajaa picha na muziki.

Siku nne zilizofuata tulisali pamoja na kula pamoja bila kuzungumza lolote la maana. Aliyelazimisha mlango alisema moyoni: nani alikuambia uiache mashine imelala? Aliyeilaza alisema moyoni: nani alikuambia uvunje kufuli? Wa tatu, ambaye alikuwa anajua habari za kulaza mashine na hakuwahi kutuambia, alinyamaza kabisa.

Siku ya tano, baada ya Masifu ya Jioni, ni yule wa tatu aliyeanza. "Mafrateri, mimi nilijua. Niliona ni jambo dogo." Hapo wale wawili nao wakafungua vinywa. Tulikwenda kwa Baba Mlezi pamoja. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Familia ya marehemu mmeiambia?" Hatukuwa tumeiambia.

Katika Kitabu cha 10 cha Maungamo, Mtakatifu Agostino anaitafakari kumbukumbu kwa kina. Tulikisoma mwaka ule ule, tukakifanyia mtihani. Lakini siku nne zile ndizo zilizotufundisha kwamba kumbukumbu ya kweli inaweza kuharibu, ikiwa mwenyewe hakubali kwamba dunia imeendelea alipokuwa amelala. Nasi tuliamka kila asubuhi na picha ya jana ya ndugu yetu, tukaandika juu yake, wala hatukuuliza usiku ule yeye amepitia nini.

Kwa wenzetu wenye mashine kama yetu, tunasema haya. Kwanza, ndani ya Windows zimeni ile njia ya kuwasha haraka, kwa maana hata ukibonyeza "Shut down" hubakiza sehemu ya mfumo imelala. Na msiilaze mashine kamwe mkitaka kuhamia mfumo mwingine. Pili, Ghala likikataa kuandikwa, msililazimishe. Rudini Windows, izimeni kabisa, kisha mje tena. Tatu, msifute nakala ya kwanza kabla hamjawa na mbili nyingine mahali tofauti.

Likizo iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa marehemu, wote watatu. Tulimweleza Mama Katekista, mjane wake, tukaomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sauti yake nilitamani kuisikia. Basi. Lakini wanangu, mbona mimi hamkuniuliza?"

Kweli hatukumwuliza. Siku ile alituambia nani alichota maji ya kufyatulia matofali ya kanisa, nani aliwapikia mapadre waliokuja kwa miguu, na watoto wangapi walijifunza sala jikoni kwake mumewe akiwa safarini. Mzee hakuwa ametaja hata moja kati ya hayo. Hayakuziba pengo, mkanda wa tatu haupo na hautakuwepo. Sauti ya Mama tunayo katika nakala tatu, na moja tumemwachia yeye.