Rangi Yenye Kutoka Katika Udongo Wetu

Mwezi huu ninataka tusafiri pamoja kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 120. Hatuendi kutafuta kazi wala kununua unga. Tunakwenda kutafuta rangi kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi.

Neno lilianza hivi. Katika shule moja ya hapa Likasi kuna mama mmoja anayefundisha kalasi ya tatu. Saa ya kuchora inafika kila juma, lakini rangi hakuna. Watoto wengine wanagawana kreyo moja na ndugu zao. Basi Mama Mwalimu akasema: «Tujaribu na vitu vyenye Mungu ametuwekea karibu.» Makala ya jiko yakatoa rangi nyeusi. Pemba ikatoa nyeupe. Udongo wa kichuguu ukatoa nyekundu. Majani ya lenga-lenga waliyaponda, wakakamua maji yake, lakini kisha siku chache rangi ile iligeuka kuwa sawa majani makavu. Watoto hawakufurahi.

Siku nilipowatembelea, mvulana mmoja wa miaka tisa akasimama na kufungua kitambaa. Ndani mlikuwa mawe ya kijani yenye kung’aa. Kaka yake mkubwa anachimba.

«Papa Pasta, angaria, hii njo majani ya kweli!»

Akaweka jiwe moja juu ya lingine, akalitwanga. Vumbi likapanda mpaka puani mwake. Akalilowanisha na mate, akapaka mti wake. Na mimi nilifanya nini? Nilimpigia makofi. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimsifu mbele ya kalasi nzima, naye akanipa jiwe moja kuwa zawadi.

Juma lililofuata nikapanda bisi kwenda Lubumbashi, kwa sababu rafiki mmoja aliniambia ana kitabu cha picha za wachoraji wetu wa zamani, kitanisaidia kwa ajili ya wale watoto. Kando yangu alikaa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika laboratwari ya mgodi. Nikamwonyesha lile jiwe kwa furaha.

«Pasta, hii jibwe ulitosha wapi?»

«Mutoto mumoja alinipatia. Anafanya nayo rangi.»

«Anaitwanga?»

«Anaitwanga.»

Mzee akanyamaza mpaka tulipoacha Luishia nyuma. Kisha akanieleza pole pole, sawa mtu anayemfundisha mtoto wake. Jiwe hili ni malakiti, lina shaba ndani. Likiwa zima mkononi si neno kubwa, hata wamama wanalivaa shingoni. Lakini likiwa vumbi, likaingia puani na tumboni, ni sumu. Tena fasi yenye shaba, mara nyingi kobalti iko pamoja nayo, na pengine madini mengine mabaya. «Na ninyi watu wa Likasi muko karibu na Shinkolobwe,» akasema. «Mawe ya kule ni mazuri sana, ya manjano, ya kijani. Ni urani. Mtoto hajui kuchagua.»

Nilisikia joto usoni. Kila mtu kwetu anajua habari ya Shinkolobwe, kwamba urani yake iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Hata hivyo sikuwaza habari ile nilipopiga makofi. Baadaye nilipata kujua pia kwamba mwaka 2009 wataalamu, kati yao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale wenye kukaa karibu sana na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walipita watu wazima. Kumbe watoto wetu wanakula vumbi la kutosha bila sisi kuwaongezea kalasini.

Kule Lubumbashi rafiki yangu akafungua kitabu chake. Mwaka 1946, wakati mji ule uliitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha pale fasi ya kuchora, nayo ikajulikana kwa jina la Hangar. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya za kuiga. Kila mtu alitafuta njia ya mkono wake. Bela alipaka kwa vidole. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, akajaza karatasi yote kwa alama ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga aliweka mistari mifupi mingi, mmoja kando ya mwingine, sawa mkeka uliofumwa.

Nikaangalia picha za Mwenze kwa muda mrefu. Kahawia, nyekundu ya udongo, nyeusi, nyeupe. Zilikuwa zile rangi zenye watoto wetu walizidharau!

Niliporudi, nilisimama mbele ya kalasi ya tatu nikasema: «Watoto, Pasta alikosa.» Nikawaeleza yote. Yule mvulana akaleta mawe yake, akanawa mikono kwa sabuni, lakini uso wake ulikuwa na huzuni.

«Sasa majani ya kweli tutatosha wapi?»

Mama Mwalimu akamjibu: «Fanya muti wako na udongo, lakini na mistari mifupi, sawa mukeka.»

Akafanya kwa kidole na kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Mti wote ulikuwa mwekundu. Jirani yake akaangalia, akasema: «Huu ni mwembe wa kwao!» Na ulikuwa mwembe wa kwao kweli.

Wazazi na walimu, jaribuni ninyi pia. Chukueni udongo mbali na mgodi, mbali na kiwanda, mbali na barabara ya malori. Uponde ukiwa umelowa, usitoe vumbi, kisha uchuje kwa kitambaa. Changanyeni na uji mwembamba wa muhogo uliopoa, ili rangi ishike karatasi. Tengenezeni ya siku ile tu, kwa maana uji unachacha. Makasha ya karatasi ya dukani yanatosha kuchorea; mfuko wa simenti uacheni, una vumbi lake. Unyoya wa kuku ni burashi nzuri. Kisha kazi, mikono yote kwenye maji na sabuni.

Na mtoto akikuletea jiwe zuri la kijani, usimpigie makofi upesi sawa mimi. Umuulize kwanza lilitoka wapi.