Kuta Zilizokunywa Maji ya Gharika

Mwezi wa Agosti 2017, tufani iliyoitwa Harvey ilipoumiminia mji wa Houston mvua iliyozidi sentimita 100 katika baadhi ya sehemu zake, maji yaliyoingia majumbani hayakuwa ya mvua tupu, bali yalichanganyika na uchafu wa vyoo, mafuta ya magari na dawa za bustani; nasi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki, ambao kwetu maji yakishatoka nyumbani hupigwa deki, madirisha yakafunguliwa na jua likaachiwa kazi iliyobaki, tuliona ajabu majirani kuzibomoa kuta zilizosimama wima, zisizo na ufa hata mmoja.

Sababu imo ndani ya kuta zenyewe. Nyumba za huku aghalabu ni fremu ya mbao iliyovikwa jipsamu yenye karatasi pande mbili, na katikati hujazwa nyuzi za kioo za kuzuia joto na baridi. Jipsamu hunywa maji na kuyapandisha juu kuliko alama iliyoachwa na gharika, na karatasi yake ni chakula cha kuvu, ambayo huweza kuanza kumea baada ya saa 24 hadi 48; dawa ya klorini husafisha uso tu, isifike ndani. Ndipo fundi akaikata jipsamu angalau futi moja juu ya alama ya maji, akatoa nyuzi zote zilizolowa, kisha akaiacha fremu ikauke, akipima unyevu wake kwa chombo kabla ya kuifunika tena.

Hadhari ya mafundi wa huko katika kazi hiyo ndiyo niliyoistahi zaidi. Umeme huzimwa kwanza. Mtu huvaa barakoa ya N95 iliyobana uso, miwani ya kuziba vumbi na glavu. Jipsamu hurashiwa maji kabla ya kukatwa ili vumbi la kuvu lisiruke, na vipande hutiwa katika mifuko mizito inayofungwa humo humo chumbani. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, ambayo rangi yake yaweza kuwa na risasi, hupimwa kwanza, na asbesto kadhalika.

Kwetu, dari za jipsamu na makabati ya mbao za unga zimeenea hata mabondeni, walakini hadhari hiyo haikufuatana nazo. Kibarua hubomoa kifua wazi, pua haina kitu. Vipande ama huanikwa vikarudishwa, ama huchomwa uani, na moshi wa gundi na rangi ukaingia vifuani mwa watoto. Tena jipsamu ikizikwa penye maji pasipo hewa huzaa gesi inayonuka kama mayai viza, nayo ikizidi huua.

Hata hivyo insafu yataka tuseme kwamba si kila ukuta wa kubomolewa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, hazina karatasi ya kulisha kuvu, na chokaa yake hunywa unyevu ikautoa tena. Ukuta wa namna hiyo huoshwa, hutiwa dawa, lipu iliyolegea ikabanduliwa, ukaachwa majuma mengi ukauke, wala usipakwe saruji, kwa kuwa saruji huufungia unyevu ndani. Lakini godoro la sponji lililozama katika maji ya choo halisafishiki, hata likianikwa mwezi mzima, na najua ni neno zito kumwambia mama mwenye godoro moja na watoto wanne.

Wala shimo la nyuma ya nyumba silo jaa, hasa Unguja, ambako mawe ya matumbawe hupitisha uchafu upesi hadi visimani. Gharama ya barakoa, mifuko na gari la kupeleka taka kwenye jaa la halmashauri na iandikwe katika makisio ya fundi pamoja na saruji na misumari, na mwenye nyumba ailipe kabla kibarua hajashika mtaimbo.