Tandiko Lisilo na Farasi

Kwetu Mlola, Lushoto, neno ukungu lina kazi mbili. Kuna ule unaopanda kutoka bondeni alasiri, ukameza mahindi na maharage hadi usione nyumba ya jirani. Na kuna ule wa kijani unaoota juu ya ngozi uliyoisahau gizani siku chache tu. Ngozi hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu.

Nilikwenda Nairobi mwaka 1974 kutafuta kazi ya bustani, nikapata ya usaisi, kwenye zizi la farasi wa mashindano karibu na uwanja wa Ngong. Sikuwa nimemgusa farasi maishani. Milima yetu ni mikali, mzigo husafiri kichwani. Walipoona namwogopa mnyama, wakanipeleka chumba cha matandiko, ambako hakuna kinachouma.

Mzee wa Kikamba aliyenipokea alianza na pua. "Nusa," aliniambia, akinipa hatamu mpya. Harufu ile niliijua: gome la miwati, mti uleule tuliokata kuni zake huku Lushoto. Kumbe magome yake ndiyo hugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kazi. Basi nikajiona si mgeni sana.

Jasho la farasi lina chumvi, na chumvi ikikaukia ndani, ngozi hukakamaa. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya mazoezi nilifuta kwa kitambaa cha maji vuguvugu kilichokamuliwa, halafu sabuni ya glaserini. Ukiona povu, maji yamezidi. Lijamu niliiosha kwa maji matupu, maana inaingia kinywani. Mikanda ya vikuku niliibadilisha pande kila wiki: kila mtu hupandia kushoto, mkanda wa kushoto ukarefuka, na usipoangalia mpandaji atakaa upande kama gunia lililofungwa vibaya.

Masika ya mwaka wangu wa pili nilifanya kosa. Hatamu zilirudi zimelowa chepechepe na kesho yake alfajiri zilitakiwa. Nikazitundika juu ya jiko la mkaa. Asubuhi zilikuwa kavu, ngumu kama mti. Nikazipaka mafuta mengi, zikang'aa, nikajisifu. Wiki mbili baadaye moja ilikatika pale inapojikunja kwenye pete ya lijamu, farasi yuko mbioni. Kijana aliyempanda alivunjika mtulinga.

Mzee hakunigombeza. Alichukua kipande kilichobaki, akakikunja mbele ya macho yangu, nyufa zikafunguka kama udongo wa kiangazi. Mwezi mzima alinipa kazi moja ya jioni: kukunja kila mkanda, nje na ndani, kutafuta ufa. Mpaka leo vidole vyangu hufanya hivyo vyenyewe, hata kwenye mkanda wa saa ya mtu ninayezungumza naye. Watu hushangaa.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Njia za panya sikuzithubutu. Ulipofunguliwa mwaka 1983 nilirudi kusalimia. Mwanangu niliyemwacha ananyonya nilimkuta anachunga mbuzi. Nikarudi tena kazini. Nilistaafu 1998, wakaniaga kwa tandiko kuukuu la mazoezi. Nililipakia basi hadi Lushoto, kisha lori hadi Mlola, na utingo akanitoza nauli ya mizigo.

Ngong nilipigana na vumbi na jasho; huku adui ni hewa yenyewe. Januari na Februari, jua likiwapo, nalifungua tandiko lote kivulini na kulipaka mafuta ya miguu ya ng'ombe, nayachemsha mwenyewe. Napaka kidogo, zaidi upande wa ndani usio na mng'aro. Mafuta yakizidi ngozi hulegea na nyuzi huoza. Kabla ya masika napitisha nta kwenye mishono. Mvua zikishika nalitoa kila siku ya tatu. Kulifunika kwa nailoni ni kulizika. Lakini Juni hadi Agosti ndiyo miezi mibaya kuliko yote: baridi, jua halitoki, ukungu hauondoki mlangoni. Hapo nalifutia nje kwa siki iliyozimuliwa, ili vumbi la ule ukungu wa kijani lisirudi ndani kuota kwingine. Vuli ikija, kazi ni kupambana na panya, ambao kwao mafuta yangu ni mchuzi.

Mke wangu husema tandiko hili linahudumiwa kuliko yeye. Sina jibu. Siku za gulio nashona viatu, mabegi na mipira ya watoto wa shule. Jioni ndiyo zamu ya tandiko.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, farasi wake yuko wapi?" Nikamwambia akunje mkanda wa kushoto aone kama una ufa. Akausogeza dirishani, akaukodolea macho.

"Hakuna, Babu."

Nikamwambia ageuze upande wa ndani.