Hasara Isiyo na Shahidi

Watu wa Ndithini wamezoea kupoteza. Hapo ndipo nilipozaliwa, katika eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, na najua mwaka wa njaa unavyoanza. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo Ukambani tunaitegemea kuliko ya masika, hunyesha wiki mbili tatu. Ndengu huota, mbaazi huanza kusimama, kisha mawingu huenda zake na jua likabaki peke yake. Wengi hupanda kavu, mbegu ikakaa mchangani ikisubiri mvua ambayo haijatoa ahadi yoyote. Kwa maana hiyo mkulima wa kwetu amekuwa akibahatisha tangu zamani, na ndiyo sababu huwa sikubali vijana wetu wanaobeti waitwe wavivu. Kijana aliye stejini na pikipiki yake kabla ya mapambazuko, anayebeba magunia ya maembe na wagonjwa na wanafunzi mpaka usiku, hana uvivu wowote. Amelelewa na watu wanaoweka kila walicho nacho kwenye jambo wasiloweza kuliamuru.

Na wako wengi. Mwaka 2017 shirika la GeoPoll lilihoji vijana wa nchi kadhaa za Afrika kuhusu kamari, na Kenya ikaongoza: asilimia 76 ya waliohojiwa hapa walisema wamewahi kucheza. Asiyeamini takwimu na asimame kwenye soko lolote la Machakos Jumamosi alasiri, Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa inaendelea, asikilize mazungumzo. Mkeka wa fulani, yaani orodha ya mechi alizobetia pamoja, umechanika dakika ya 89. Fulani alibakiza mechi moja tu.

Nakumbuka kamari ilipokuwa bado na umbo. Zilikuja zile mashine za sarafu, zikawekwa kwenye kona za maduka na kumbi za vinywaji, hata katika vituo vidogo vya mashambani. Mtoto aliyetumwa sukari angeishia hapo na shilingi ishirini ya mama. Ila mashine ilionekana. Mama aliweza kuifuata dukani na kumtoa mwanawe kwa sikio, wazee wakamlalamikia chifu, na serikali ilipoamua kuzisaka, mashine zilikusanywa kwa malori na kuteketezwa hadharani. Kijiji kilijua adui amesimama wapi.

Simu ndiyo iliyoiondoa kamari machoni mwetu. M-Pesa ilianza 2007, na ilikuwa neema; mtu aliyeko Nairobi aliweza kumtumia mamake pesa Ndithini bila kumpa dereva wa matatu bahasha. Mwaka 2014 SportPesa ikaingia, kampuni nyingine zikafuata, na njia ile ile ya neema ikawa mlango wa kubeti. Sheria iliyokuwa ikisimamia mambo haya ilitungwa 1966. Julai 2019 serikali ilikataa kuongeza leseni za kampuni 27, kukawa na kelele za kodi na mahakama, kisha michezo ikarudi kwa nguvu zaidi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwaka huo huo sheria mpya ikapitishwa kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Nafurahi kwamba ipo. Lakini hakuna sheria itakayoingia chini ya blanketi saa saba usiku, na huko ndiko mchezo uliko sasa. Kijana hahitaji hata mpira. Kuna ule wa Aviator: kindege kinapaa, kiwango cha malipo kinapanda nacho, nawe utoe pesa zako kabla hakijatoweka. Mzunguko mmoja ni wa sekunde chache, kisha kindege kingine kinapaa.

Hesabu ya kubeti inafaa kufundishwa darasani, tena kwa sauti. Tuseme kampuni inajikatia shilingi 5 katika kila shilingi 100 unayoweka kwenye mechi moja. Ukiunganisha mechi kumi katika mkeka mmoja, makato hayo yanazidishana, na kwa wastani ile mia yako inabaki na thamani ya shilingi 60 hivi kabla refa hajapuliza kipenga. Jakipoti ya mechi 17, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, inaweza kujazwa kwa njia 129,140,163. Mtu mmoja hushinda, picha yake hubandikwa kila mahali akiwa na hundi kubwa kama mlango, na sisi tuliobaki tunaijua sura yake kuliko sura ya jirani aliyeuza mbuzi ili alipe deni.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu. Alimaliza kidato cha nne, akahangaika na vibarua vya mananasi upande wa Thika, kisha akarudi nyumbani kuendesha bodaboda. Ni kijana wa heshima. Msimu mmoja mamake alimpa pesa za mauzo ya ndengu akanunue mbegu na dawa. Alisema duka la kilimo halina mbegu nzuri, asubiri mzigo mpya. Wiki ikapita. Mvua ikaanguka. Mashamba ya pande zote mbili yakawa kijani, na la dada yangu likabaki jekundu katikati, kila apitaye barabarani akiliona.

Alipokuja kwangu alikaa muda mrefu bila kusema, halafu akanipa simu. "Soma mwenyewe, mjomba." Zilikuwa jumbe za pesa alizotuma. Shilingi 50, shilingi 100, 50 tena, kisha 1,000, kisha mkopo wa simu, kisha mkopo huo nao ukaenda zilikokwenda zile za kwanza. Katikati palikuwa na ujumbe mmoja wa pesa zilizoingia. Huo aliukumbuka wote: nani alicheza na nani, nani alifunga, yeye alikuwa ameketi wapi. Nilipomuuliza kuhusu zile nyingine, alitazama kioo kama anayesoma habari za mtu mwingine. Ushindi ulikuwa na hadithi, na wenzake pale stejini walikuwa wameusikia. Hasara haikuwa imesimuliwa kwa yeyote, kwa hiyo hata yeye hakuwa nayo kichwani. Aliamini kwa dhati kwamba amepoteza kidogo tu.

Tangu siku hiyo nimeona wazi kinachotenganisha kubahatisha kwa mkulima na kubahatisha kwa simu, na si Mungu kupenda kimoja na kuchukia kingine. Shamba likikauka, ardhi inabaki, mbinu inabaki, na juu ya yote watu wanajua. Hasara ya mvua ina mashahidi. Jirani anakuuliza umebakiwa na nini, mnalinganisha, mnakopeshana, mwaka ujao mnabadilisha mbegu. Hasara ya simu haina shahidi, na mtu aliye peke yake na hasara yake hujaribu kuirudisha peke yake, usiku huo huo, kwa pesa ambazo hana.

Sisi hatukujengwa hivyo. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni walikuwa wamekata tamaa na Machakos, wakiona ardhi inachukuliwa na maji. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kilichotokea baadaye: kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka takribani mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Kilichoiokoa ardhi ni matuta ya fanya juu, mtaro ukichimbwa na udongo ukitupwa upande wa juu, na mengi yalichimbwa na mwethya, vikundi vya majirani, wengi wao akina mama, leo kwako kesho kwangu. Mamangu alikuwa mmoja wao. Pato la siku lilikuwa hatua chache za mtaro, ila kila mtu aliona umefika wapi, na aliyekosa kufika aliulizwa kulikoni. Kuulizwa huko ndiko tulikopoteza, na nakutamani kuliko matuta yenyewe.

Dada yangu alifanya jambo ambalo mimi sidhani ningeliweza. Alikwenda kwenye chama chake na kusema ukweli mbele ya wenzake: mwanangu amecheza kamari na pesa za mbegu. Angeweza kusema zimeibwa. Wapo waliotikisa kichwa, na mmoja alimwambia wazi kwamba amemdekeza. Baadaye mwingine alimvuta kando, akamwambia kwake ni mume. Kila mwanachama alileta bakuli la ndengu, wakapanda kwa kuchelewa, na zao lilikuwa dogo, kama inavyokuwa kwa anayechelewa.

Mpwa wangu hajapona kabisa, na sitamsemea kwamba amepona. Kuna wikendi anabeti. Lakini sasa pesa za siku anaziacha kwa mweka hazina wa kikundi chao cha bodaboda kabla jua halijatua, na mamake anajua, na mimi najua. Mwezi uliopita kikundi kilikutana chini ya mti pale stejini kujadili kama anayekopa pesa za kikundi aulizwe kwanza anadaiwa nini na simu yake. Walibishana vikali. Wengine walisema pesa ya mwanamume ni siri yake. Mpwa wangu, ambaye huwa hasemi mikutanoni, alisimama akasoma deni lake lote kwa sauti, mkopo mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka. Hawakupitisha kanuni siku hiyo. Walikubaliana kulirudia jambo hilo Jumapili, na vijana wawili walibaki nyuma kumwuliza ilikuwaje akafika kiasi kile.