Sauti Mbili kwa Mara Moja

Kwenye ndoa moja hapa Lubumbashi, mama mukubwa wa bibi-arusi aliomba wimbo wa kukumbuka marehemu dada yake. Maneno yalipoanza tu, didjei akabandika wimbo mwingine juu yake. Waimbaji wawili kwa mara moja! Mama akarudia kukaa: « Baba, sisikie hata neno moja. » Tuliona haya, maana sisi njo tulimulipa yule kijana.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliandika mwaka 2021 kati ya urithi wa watu wote, mara nyingi iko na sehemu mbili: kwanza maneno, kisha sebene, gitaa zikishika njia. Nyimbo ziunganishwe kwenye sebene. Wazee walitufundisha: mumoja akisema, mwingine anasikiliza. Batoto ya leo, muachie mwimbaji amalize.