Shilingi milioni mbili ambazo hazikuibiwa

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma hapa, leo naandika juu ya kitu kinachoonekana ni cha wahasibu peke yao: ile programu ya hesabu inayojichukulia taarifa kutoka benki. Wengi wetu tumepitia mafunzo ya programu hizi. Tulifundishwa pa kubonyeza. Hatukufundishwa cha kufanya siku namba inapogeuka nyekundu na watu wakaanza kuangaliana kwa macho ya pembeni.

Mlisho wa benki, kwa maneno ya kawaida, ni bomba. Kila usiku benki inamwaga miamala yako kwenye programu, na wewe kazi yako ni kulinganisha tu: hii 300,000 ni malipo ya mnunuzi fulani, hii 4,000 ni makato. Hakuna anayeandika kwa mkono, na ndiyo maana watu huiamini kuliko daftari. Kule Uingereza mabenki makubwa yalilazimishwa kufungua njia hiyo tangu Januari 2018, na hata huko ruhusa inabidi ithibitishwe upya kila siku 90, la sivyo bomba linafungwa. Kwetu huku benki nyingi hazina bomba lolote. Unapakua taarifa ya akaunti kama faili, unaiingiza mwenyewe. Kikundi ninachotaka kuwaeleza kilikuwa na njia zote mbili, na shida ilizaliwa hapo.

Sisi wengine ni watoto wa 2008. Wazazi wetu walikimbia Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengine wakavukia Busia, wengine Malaba, wakawekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka Mulanda ni foleni tu. Siku hizi najitolea Kiryandongo, nasaidia vikundi vya akiba kuweka vitabu, na Septemba iliyopita nilialikwa Tororo na kikundi rafiki: wakimbizi wachache wanaoishi mjini pamoja na vijana wenyeji. Wananunua mahindi na maharagwe vijijini, wanakodi kanta, wanapeleka Busia. Wanunuzi wao ni Wakenya. Mimi sifiki ng'ambo. Ukishapewa ukimbizi kwa kukimbia nchi fulani, huwezi kuingia na kutoka huko kama unaenda sokoni. Huwa nabaki upande wa Uganda nahesabu magunia.

Nilikuta kikundi kimegawanyika vipande viwili. Programu ilisema mpaka tarehe 31 Agosti benki kulipaswa kuwa na shilingi 5,236,000 za Uganda. Benki yenyewe ilisema 3,120,000. Pengo, 2,116,000. Mweka hazina ni dada wa rika letu, asubuhi anapika chapati za kuuza, jioni anashika vitabu, na alikuwa mmoja wa watia saini wawili. Mwenyekiti hakumtukana. Alimwuliza tu mbele ya watu, "Dada, pesa ziko wapi?" Ni swali la adabu, lakini lilikuwa limeshamhukumu. Wakamwandikia karatasi akubali kulipa 200,000 kila mwezi. Asiposaini, jambo liende polisi. Sasa, kwa mkimbizi anayesubiri majibu ya faili lake, kesi ya wizi si jambo la kuchezea, hata kama mwisho wake itafutwa. Alikuwa karibu kusaini. Simlaumu.

Niliomba siku tatu. Nikaomba pia vitu ambavyo hakuna aliyekuwa ameviweka meza moja: taarifa ya akaunti yenye muhuri wa benki, orodha ya kila mstari ulioingia kwenye programu, na historia inayoonyesha mstari gani uliletwa na bomba na mstari gani uliingizwa kwa faili. Hiyo historia ipo karibu kwenye kila programu ya aina hii, sema watu hawaifungui.

Sikuanza kwa kutafuta pesa. Nilitafuta tarehe ya mwisho ambayo pande zote mbili zilikubaliana. Tarehe 31 Julai salio lilikuwa lilelile, mpaka shilingi ya mwisho. Basi shida yote iko ndani ya Agosti, na miezi ya nyuma nikaiacha ipumzike.

Agosti yenyewe ilienda hivi. Benki ilibadilisha namna ya kuingia kwenye akaunti, ikaongeza namba ya siri inayotumwa kwa SMS, na bomba likakatika tarehe 1. Kijana aliyekuwepo akafanya inavyofundishwa: alipakua faili la tarehe 1 mpaka 17 akaliingiza. Tarehe 18 bomba likaunganishwa upya. Lakini bomba likirudi huwa halianzii leo, linavuta na siku za nyuma. Hili lilivuta kuanzia tarehe 10. Programu nyingi zina kinga ya marudio, ila kinga hiyo inategemea namba ambayo benki inabandika kwenye kila muamala unaopita bombani. Faili la kupakua mara nyingi halina namba hiyo, na hata maelezo yake yameandikwa tofauti kidogo. Wewe unaona malipo yaleyale, kompyuta inaona malipo mawili.

Kati ya tarehe 13 na 17 pesa zilizoingia zilikuwa 2,750,000 na zilizotoka 1,150,000. Zikihesabiwa mara mbili, programu inaona 1,600,000 ambazo hazipo duniani. Nikadhani kazi imeisha. Wapi! Bado 516,000.

Usiku huo nililala na swali moja: kwa nini marudio yanaanza tarehe 13, na bomba lilivuta kuanzia 10? Faili la mkono lilikuwa na tarehe 10, 11 na 12 pia. Zimeenda wapi? Asubuhi nikazikuta mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili, miezi ambayo hata haikuwa imefika. Programu ilikuwa imewekwa kusoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza halafu siku. 10/08 kwetu ni Agosti 10, kwao ni Oktoba 8. Kuanzia tarehe 13 programu ilijirekebisha yenyewe, manake hakuna mwezi wa kumi na tatu. Muamala wa tarehe 8 nao ulikaa sawa, kwa sababu 08/08 ukiigeuza ni ileile. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuliona: ukichungulia haraka haraka unakuta mistari mingi iko safi.

Basi rudi mwanzo wa mwezi. Tarehe 3 Agosti kikundi kililipa kanta 480,000, na tarehe 5 kikalipa magunia 36,000. Ya kwanza ikasomwa Machi 8, ya pili Mei 8. Vitabu vya programu vilifunguliwa tarehe 1 Julai, kwa hiyo malipo hayo mawili yakawekwa kando kama mambo ya zamani, kimyakimya. 480,000 na 36,000 ni 516,000. Ongeza ile 1,600,000 uone inafika wapi.

Mwenyekiti akaniuliza nitajuaje kwamba hiyo kanta ilikuwepo kweli. Swali zuri, tena nilifurahi, maana sasa alikuwa anauliza juu ya kanta na si juu ya dada. Mzigo ule ulivuka na kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa wanachopewa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Kina tarehe: 3 Agosti. Karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari la mweka hazina. Ndugu wa mashirika, mkija kutufundisha programu, tufundisheni na kutunza karatasi. Saa moja tu inatosha.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kutafuta. Kwanza tulihifadhi nakala ya kila kitu. Halafu tukaondoa mistari yote ya lile faili, tukaacha ya bomba, kwa sababu yenye namba ya benki ndiyo itakayokulinda siku nyingine. Mwisho tukaingiza upya tarehe 1 mpaka 9 peke yake, baada ya kuweka tarehe ianze na siku. Mtu asifute tu kinachofanana. Wauza maharagwe wawili wanaweza kulipwa kiasi kilekile siku ileile, na hayo si marudio.

Upande wa M-Pesa mambo ni mengine. Pale Busia mtandao wa Kenya unashika hata ukiwa Uganda, na wanunuzi wanalipa hivyo. Kila muamala una namba yake ya risiti, herufi na tarakimu kumi, na hiyo ndiyo ya kulinganishia. Lakini angalia: makato huja kwenye mstari wake na mara nyingi hubeba namba ileile ya risiti. Ukiiambia programu ifute kila namba iliyojirudia, inafuta makato, na kesho una pengo jipya. Shilingi za Kenya zikae kwenye akaunti yao, msizigeuze kwa kichwa. Programu inachukua kiwango cha mtandaoni, na yule mbadilishaji wa mpakani ana kiwango chake. Tofauti ina mahali pake vitabuni, inaitwa faida au hasara ya kubadilisha fedha. Bila hiyo kila safari ya Busia itaonekana kama mtu amechomoa kidogo.

Na laini iwe ya nani? Laini ya kikundi hiki imesajiliwa kwa jina la jirani, kwa sababu walipoanza wengi hawakuwa na kitambulisho cha kusajili laini. Taarifa ya laini anapewa mwenye jina. Tulimsubiri jirani siku nzima, alikuwa matangani.

Kwenye mkutano mwenyekiti alitaka kuichana ile karatasi ya deni. Dada akakataa isichanwe. Alisema, "Andika nyuma yake kwamba hakuna pesa iliyopotea, weka tarehe, saini." Akaandika, wakasaini watu watano, karatasi anayo yeye. Walimwomba arudi kwenye uhazina, akasema atafikiria. Mpaka naandika hii bado anafikiria, na chapati zinauzika.

Akaunti ya M-Pesa ya kikundi bado ina tofauti ya shilingi 340 za Kenya. Nimeshaangalia makato. Sasa niko kwenye miamala iliyorudishwa.